Boksi Linalofia Njiani

Mume wangu alichomeka waya kwenye gitaa, akapiga nyuzi mara mbili tatu, kisha akaizima amplifaya. Alikaa ukingoni mwa kochi akimkazia macho mdogo wangu, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Umeliua tena," akamwambia.

"Shemeji, nimekuja polepole."

"Polepole yako ndiyo imeniulia boksi?"

Mdogo wangu ndiye dereva wa gari la bendi. Watu wanamwita Taratibu, na hawamtanii. Akiwa barabarani baiskeli humpita, na wenye baiskeli hupata muda wa kumsalimia na kumuuliza habari za nyumbani. Sasa mtu kama huyo kuambiwa anaendesha ovyo mpaka anavunja vyombo, hata mimi niliyemzoea mume wangu niliona neno hilo halikai vizuri. Lakini mume wangu ndiye Solo, mpiga gitaa la mbele, na katika nyumba yetu sikio lake lilikuwa sheria. Akisema wimbo umekosewa, umekosewa. Akisema boksi limekufa, tunaweka matanga.

Boksi lenyewe ni la mbao nzito, lina spika mbili kubwa ndani, wavu mbele, na vipini ubavuni. Bila hilo, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi. Ndani ya kila spika kuna karatasi nyembamba inayotetemeka ndipo sauti inatoka, na nyuma yake kuna sumaku nzito. Gari likiruka vibaya, sumaku inavuta huku, karatasi inavutika kule, na kazi imekwisha. Kwa hiyo kila boksi likifika na sauti mbaya, wa kwanza kutazamwa ni dereva.

"Nimeshabadilisha spika zote mbili," mume wangu akasema. "Mpya. Safari moja tu, zimekufa. Nakuambia mbele ya dada yako: safari ijayo likifika hivi, ufunguo utauweka mezani."

Taratibu alinifuata jikoni, akasimama karibu na ndoo ya maji, akainama kama mtoto aliyevunja glasi.

"Dada, akininyang'anya ufunguo nitahama," akasema. "Siwezi kula sahani moja na mtu anayeniona mharibifu."

Tumbo la mama yetu limebakiza sisi wawili. Alipofariki nilimchukua huyu mtoto akiwa bado na kaptula, na mume wangu alimpokea bila kunung'unika, akamfundisha kuendesha gari kwenye kiwanja nyuma ya soko. Sasa mikono ileile iliyomfundisha usukani ilikuwa inataka kumfukuza. Na mimi ningebaki katikati, mke wa huyu, dada wa yule, bila pa kushika.

Nikaamua kulinda boksi mwenyewe.

Kazi yangu ni kushona makava ya makochi. Nina cherehani nzito inayotoboa ngozi, nina sponji za kila unene, na najua kitu kinavyochubuka. Nikalipima boksi pande zote, nikakata plaiwudi nyembamba ya kukinga uso wake, nikaibandika sponji upande wa ndani ili isikwaruze wavu. Nikashona kava la turubai lenye matabaka mawili ya sponji, zipu ya chuma, na pembe nilizoziongezea ngozi, maana pembe ndizo hugonga kwanza. Nikaacha matundu ya vipini, kwa sababu boksi lisiloshikika huangushwa na watu wema kabisa.

Kisha nikawapangia sheria za kupakia. Boksi husafiri wima, halilazwi kifudifudi hata kama ni mwendo wa kwenda dukani. Uso wake uelekee uso wa boksi la besi, na blanketi kati yao. Mgongo ukae ukutani mwa gari, mikanda miwili, mmoja juu mmoja chini, ikazwe mpaka boksi litulie lakini mbao isilie. Juu yake hakiwekwi kitu, hata kofia. Amplifaya ikae kwenye kiti na ifungwe mkanda kama abiria. Mpiga besi, mtu mnene mpole ambaye ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Shemeji, mimi mwenyewe sijawahi kusafiri vizuri hivyo."

Walikwenda, wakarudi. Mume wangu akachomeka waya, akapiga nyuzi, akatikisa kichwa.

"Limekufa," akasema.

Nilitega sikio. Kwangu lilikuwa linachoma kidogo, sauti kali, nyembamba. Nikadhani ndio ubovu wenyewe. Mimi najua sponji, sijui spika.

Lakini nikaanza kufikiri. Kava langu halikuwa na mchubuko. Plaiwudi haikuwa na ufa. Mikanda ilikuwa imekazwa vilevile nilivyofundisha. Kitu kilichofungwa namna ile hakifi kwa mashimo ya barabara. Basi kama si barabara, ni mtu. Na hapo ndipo akili yangu ilipopata chakula inachokipenda, maana mimi kwa asili ni mtu wa kushuku. Muuza vitambaa akinipimia, nampimia upya mbele ya macho yake, na akitabasamu nampimia tena.

Spika mpya zina bei. Mtu akizitoa ndani ya boksi usiku wa safari na kurudisha kuukuu, nani atajua? Wavu uko mbele, giza liko ndani. Na ufunguo wa gari anao mmoja tu.

Sikutaka kulifikiri jambo hilo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mdogo wangu alikuwa ameanza kubadilika. Yeye na mpiga besi walikuwa wakinong'ona nyuma ya gari. Nikitokea, wananyamaza, kisha mmoja anaanza kusifu hali ya hewa. Siku moja nilipita na beseni la nguo, nikamsikia mpiga besi akisema, "Tutamficha mpaka lini?" Taratibu akamkanyaga mguu. Nilimwona kwa macho yangu. Alipogeuka kunitazama, alinikenulia meno yote, hata ya nyuma.

"Mnamficha nani?" nikauliza.

"Mbwa," akasema mdogo wangu.

Hatuna mbwa. Jirani hana mbwa. Njia ya mwongo fupi, nami nikaona nitakutana naye mbele.

Kabla ya safari iliyofuata nilichukua rangi yangu nyekundu ya kucha, nikalifungua kava wakati nyumba haina mtu, nikadondoshea tone juu ya kila skrubu ya mgongo wa boksi. Rangi ikikauka juu ya skrubu na mbao, bisibisi haiwezi kupita bila kuipasua. Nikarudisha kava, nikafunga zipu, nikanawa mikono, nikapika kama mke mwema.

Waliporudi, sikumngoja hata mume wangu achomeke waya. Nilijifanya nakagua kava. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye skrubu zote.

Nilikaa palepale sakafuni, nyuma ya boksi, nikasikia mume wangu akipiga nyuzi upande wa pili na kusema maneno yake yaleyale, na mdogo wangu akiomba msamaha kwa sauti ya chini. Nilimwonea hasira mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama yetu. Mume wangu alitaka ufunguo siku hiyohiyo. Nikamwomba ampe safari moja ya mwisho, nikamwambia nitamweka sawa mwenyewe.

Kulipotulia nikamfuata Taratibu uani.

"Umelifungua boksi?"

"Boksi gani?"

"La jirani! Boksi gani, unaniuliza?"

"Sijaligusa, dada."

Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Tangu utotoni hajui kudanganya, na bado anaendelea kujaribu.

Kesho yake nikafunga safari hadi kwa fundi wa spika, kibanda chake kiko nyuma ya wauza vyuma. Ukutani kuna spika zimetundikwa, kila moja na karatasi yake iliyoraruka. Nikamuuliza kama kuna watu wawili, mmoja mnene, wamemletea spika mbili mpya kuziuza.

"Kuuza? Hapana," akasema. "Walizileta nizipime. Nikazipima, nikawarudishia."

"Zina ugonjwa gani?"

"Hazina. Nzima kabisa." Akaufuta mkono kwenye suruali, akanitazama kama mtu anayepima maneno. "Mama, wewe ni nani wa mwenye boksi?"

"Mkewe."

"Basi kazungumze na mumeo," akasema, akainamia kazi yake.

Nilitoka pale nimeshawishika kwamba na yeye yumo. Spika nzima, wakati mume wangu anasema zimekufa? Ama wamemlipa, ama zile alizopima ziko nyumbani kwake na sisi tumebebeshwa za ukutani. Njiani kurudi niliwashuku watu watatu, na nilipofika nyumbani nikamwongeza wa nne, kijana aliyetuuzia spika. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini la kwetu naliona linakaribia kumaliza.

Ili kukata mzizi wa fitina, niliamua kusafiri na boksi.

"Unakwenda wapi?" mume wangu aliuliza aliponiona nimevaa raba.

"Dansini. Nimeolewa na mwanamuziki miaka yote hii, sina haki ya kusikia muziki?"

Alifurahi, maskini. Akaenda kunitafutia mto wa kukalia.

Lilikuwa dansi la mchana, ukumbini kwenye mji wa pili. Wengine walikaa mbele, mimi nikakaa nyuma na vyombo, magoti yangu yakigusa kava. Nilikuwa nimesimamia upakiaji wote. Nilikuwa nimeangalia ndani kwa tochi nikaziona spika mbili mpya, na nembo zake zinang'aa, nikabaki sielewi, maana nilitegemea kukuta kuukuu. Nikajiambia basi wizi wenyewe utafanyika leo.

"Dada, huniamini?" Taratibu aliniuliza kupitia kioo.

"Nakuamini. Angalia barabara."

"Mbona umemkodolea macho abiria wangu?"

"Huyu simwamini."

Alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Aliendesha kama anavyoendesha siku zote. Kwenye tuta alisimama kabisa, akapandisha magurudumu ya mbele kwa adabu, akasubiri, akashusha ya nyuma. Kwenye shimo alizunguka. Lori lilitupigia honi mpaka likachoka. Sikuondoa macho kwenye lile boksi hata nilipobanwa na haja ndogo. Tulisimama mara moja, wote wakashuka, mimi nikajikaza. Hakuna aliyeligusa. Mkanda haukulegea. Kava halikutikisika zaidi ya mimi nilivyotikisika, na mimi nilifika mzima.

Nililisindikiza mpaka jukwaani nikilishika kipini kimoja. Nikafungua zipu mwenyewe, nikaondoa plaiwudi mwenyewe. Mume wangu akachomeka waya. Akageuza vitufe vya amplifaya, akajipanga, akapiga.

Niliziba masikio. Sauti ilikuwa kali ajabu, inapenya kichwani kama sindano ya cherehani yangu. Mwanamke aliyekuwa anafagia ukumbi aliacha ufagio akajishika kichwa. Mpiga besi alifumba macho.

"Mnasikia?" mume wangu akasema. "Limekufa. Ni kama mtu amelifunika blanketi. Halina trebo, ile sauti kali ya juu, hata kidogo." Akaongeza trebo mpaka mwisho, akapiga tena, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Akamgeukia mdogo wangu, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Taratibu akautoa mfukoni, akamkabidhi.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nilipita shimo moja baya pale darajani. Ni kosa langu."

Nilikuwepo. Darajani pale tulipita kama watu waliobeba mayai. Hapakuwa na shimo. Nilimtazama mdogo wangu akijitungia uongo huo na kujivika mwenyewe, nikaona mpiga besi amegeuzia uso ukutani. Nikakumbuka mume wangu alivyolalamika kwamba simu yake mpya hailii. Nikakumbuka alivyonisifu juzi kwamba cherehani yangu siku hizi imetulia, nami nikajivunia mafuta niliyoitia. Cherehani ile inasikika mpaka barabarani.

"Hapakuwa na shimo," nikasema.

"Dada, nyamaza," Taratibu akanong'ona.

"Sinyamazi. Nilikuwa nyuma, nimeliangalia boksi njia nzima. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na kitu."

Mume wangu alitutazama kwa zamu. Mpiga besi akajikohoza, akaja polepole, akamshika begani.

"Kaka," akasema, "jaribu boksi la ukumbi. Lile pale. Twende nalo hilo leo."

Lilikuwa boksi kubwa la wenye ukumbi, limefungwa kwa minyororo pembeni mwa jukwaa, miguu yake imezama kwenye vumbi. Mume wangu akahamisha waya. Akapiga nyuzi zilezile.

Ilikuwa sindano ileile. Mwanamke wa ufagio akatoka nje.

"Hili nalo limekufa," mume wangu akasema, na kwa mazoea akamgeukia Taratibu, na mdomo ukabaki wazi. Alilitazama lile boksi na minyororo yake. Akaliangalia letu. Akapiga uzi mmoja mwembamba, ule wa chini kabisa, akainamisha sikio mpaka likagusa wavu. Akapiga tena. Nilitamani mtu yeyote aseme neno lolote, hata la uongo.

Alipoinuka hakumuuliza mpiga besi, wala mdogo wangu. Aliniuliza mimi.

"Mke wangu. Wewe unasikiaje?"

Ningeweza kusema limekufa. Ningemwokoa mchana ule mmoja, na mdogo wangu angebeba begi lake kimyakimya, kama alivyokwisha kukubali. Nilimpenda mume wangu kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilimjibu.

"Linachoma," nikasema. "Linatoboa masikio. Yote mawili ni mazima."

"Linatoboa?"

"Linatoboa, baba."

Alikaa juu ya boksi letu. Alikuwa ameegemeza mikono juu ya gitaa, anatazama sakafu.

"Tangu lini masikio yangu yamekuwa hivi?" akauliza.

"Muda sasa," mpiga besi akasema. "Tulipeleka spika zikapimwe. Tulitaka tuwe na hakika kabla ya kukuambia. Halafu tukashindwa kukuambia."

"Na wewe ulijua?" akamuuliza mdogo wangu.

"Nilijua, shemeji."

"Nikakutukana mbele ya watu. Nikataka kukufukuza. Na unajua."

"Dereva anapata kazi kwingine," Taratibu akasema. "Wewe ungekwenda wapi?"

Mume wangu alijifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimeelekea ukutani, kwa sababu nilikuwa nimempeleleza kijana huyu kama mwizi, nimemwekea rangi ya kucha, nimemkodolea macho, na muda wote alikuwa amejiweka mbele ya mume wangu kama sponji. Nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu," naye akasema hakuna neno, akanipiga kofi dogo mgongoni kama anavyonifanyia siku zote.

Mume wangu akasimama. Akamrudishia ufunguo mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake kwa mikono yote miwili, akaushikilia hivyo kwa muda. Kisha akarudisha waya kwenye boksi letu na kuniita.

"Njoo usimame hapa. Kitufe hiki ni cha trebo. Punguza mpaka usikie vizuri."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Unajua kinachokuchoma. Punguza."

Alipiga, nikapunguza. Alipiga, nikapunguza tena, mpaka mpiga besi akafumbua macho na mwanamke wa ufagio akarudi kuendelea kufagia. Ilikuwa sauti laini, ya mviringo, ndiyo niliyoisikia zamani nilipokuwa bado sijaolewa naye. Yeye hakuonyesha kuisikia. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Ndiyo hapo?"

"Hapo hapo."

"Basi usiondoke hapo. Nitakuwa nakutazama."

Watu wakaja, ukumbi ukajaa, dansi likaanza. Alipiga nyimbo zote ameelekea kwangu, amewapa wachezaji ubavu. Vidole vilikuwa vinajua njia, lakini ladha alikuwa anaisoma usoni mwangu. Nikitabasamu, anaendelea. Nikikunja uso, anashusha mkono, anarekebisha. Katikati ya wimbo mmoja machozi yalinijia mpaka kwenye kope, nikayazuia kwa nguvu zangu zote, maana angeyaona angedhani amekosea.